Nilisoma Kibaha

Leo nalipa deni la neno moja. Ni dogo, lakini limenikaa kooni muda mrefu, na leo nimeamua kulitema, liwe na liwalo.

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha habari cha gazeti nililoanzia kazi, mhariri mmoja mtu mzima, wale wanaovaa miwani kwenye ncha ya pua, aliniita mezani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sekondari umesoma wapi wewe?"

"Kibaha."

Sasa kabla hujanihukumu, nisikilize. Sikusema uongo. Mlandizi iko Wilaya ya Kibaha, na shule ya kata niliyosoma iko Mlandizi. Kwa hiyo nilisoma Kibaha, hata mahakamani ningeshinda. Tatizo ni kwamba kila Mtanzania anajua mtu akisema "nilisoma Kibaha" amesema nini. Ni sawa na kusema nilisoma Ilboru, nilisoma Mzumbe, nilisoma Tabora Boys. Hataji mahali huyo, anakwambia alikuwa na akili kiasi gani akiwa na miaka kumi na tatu.

Miwani ya mzee ikapanda juu. "Kumbe! Mimi mwenyewe nimetoka pale, miaka ya themanini." Akavuta kiti karibu, nami nikaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo. Mungu si Athumani, simu yake ikaita. Nilitoka pale jasho linanitiririka mgongoni, na tangu siku hiyo ofisi nzima ikawa inaniita "mtu wa Kibaha". Sikukanusha. Nilizoea, na niseme ukweli, nililipenda.

Mwaka na kitu ukapita. Asubuhi moja mzee akaniita tena. Anataka makala ndefu ya Jumapili kuhusu Sekondari ya Kibaha, historia yake na maisha ya wanafunzi wake. "Nimekupa wewe kwa sababu ni mtu wa pale," akasema. Nikasema sawa mzee. Unadhani ningesema nini?

Nikaanza na historia, maana historia haikuulizi ulilala bweni gani. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijafikisha hata miaka miwili ya uhuru, nchi za Nordic, zikiwemo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilikubaliana na serikali ya Mwalimu Nyerere kujenga kituo kimoja kikubwa pale Tumbi, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwenye Barabara ya Morogoro. Ulikuwa mradi wa kwanza wa misaada ambao nchi zile ziliufanya kwa pamoja. Kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Nchi nzima, ndugu yangu! Siku hizi hao 176 unawapata kwenye shule moja.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakujenga shule peke yake. Siku zile maadui wa taifa walikuwa watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na pale Tumbi kila adui alipangiwa mtu wa kupambana naye. Ujinga ulipewa sekondari, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 1965. Maradhi yalipewa kituo cha afya, ambacho ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Tumbi, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Umaskini ukapewa chuo cha wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 Wazungu wakakabidhi funguo, kituo kikawa shirika la umma, Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye zikaongezeka Sekondari ya Tumbi na ile ya Kibaha Wasichana. Hii ninayoisema ni ya wavulana, ya bweni, na kwa miaka mingi imekuwa kwenye kundi la shule za vipaji maalumu, ambako huendi kwa kuomba wala kwa mjomba. Unapelekwa na alama zako za darasa la saba.

Miongoni mwa waliopita pale mapema ni Jakaya Kikwete, aliyesoma kidato cha kwanza hadi cha nne kati ya 1966 na 1969. Jina hilo liweke pembeni, nitalirudia.

Hayo niliyaandika kwa siku mbili. Siku ya tatu nikafika kwenye maisha ya wanafunzi, kalamu ikagoma. Ikabidi nimpigie simu mtu ambaye sikuwa nimempigia simu kwa muda mrefu sana.

Mtoto wa mama yangu mkubwa tumelingana umri, tofauti yetu miezi minne, na kwa miezi hiyo minne namwita Kaka. Tulianza darasa la kwanza pamoja Mlandizi, dawati moja. Mwaka 2008 tukafanya mtihani wa darasa la saba. Matokeo yalipobandikwa, yeye kachaguliwa Kibaha, mimi shule ya kata. Mama aliniambia nimpongeze Kaka, nikampongeza. Usiku nililia kimyakimya, nimegeukia ukutani.

Januari 2009 tulimsindikiza stendi na tranka lake jipya la bati, ndoo, jembe na fyekeo. Bibi yetu hakuelewa kwa nini mtoto aende kulala shuleni wakati ni mwendo wa daladala moja tu, Visiga, Misugusugu, Kongowe, umefika. Aliponiona nyumbani muhula mzima na mwenzangu haonekani, akawa anasema, "Yule mwenzio yuko kisiwani." Ikawa utani wa ukoo. Barua ya kisiwani, nauli ya kisiwani, Kaka anarudi kutoka kisiwani. Kwa kweli alikuwa anarudi kama mtu aliyeshuka kwenye jahazi, na misamiati mipya na watu wapya kichwani, "yule jamaa wa Bukoba", "yule wa Musoma". Mimi jamaa wangu wa mbali kuliko wote alikuwa wa Ruvu Stesheni.

Lakini muhula ule wa kwanza Kaka alirudi amenyongea. Nilidhani anaumwa. Ilinichukua siku tatu kumtoa neno. Alikuwa wa 41 darasani. Huyu ambaye tangu darasa la kwanza hajawahi kuijua namba mbili! "Kule kila mtu alikuwa wa kwanza kwao," akaniambia. "Mwalimu anauliza swali, mikono yote juu, na wewe ndiyo bado unaelewa swali." Naomba Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikwenda kucheza mpira jioni ile nikiwa mwepesi kama karatasi.

Maisha yao alinisimulia mara nyingi na mengine nikayaona mwenyewe. Kuamka giza, usafi, foleni ya kuoga, paredi, vipindi, ugali na maharage, vipindi tena, michezo, kisha prepo usiku. Taa zikizimwa ndipo wale wa kupiga msuli wanaanza kazi, tochi ndani ya blanketi. Mwaka 2011 ulipokuja ule mgao mkubwa wa umeme, Kaka alinunua tochi mbili. Walikuwa na mashindano yao ya ajabu. Sio nani ana viatu vizuri, ni nani kamaliza kitabu cha hesabu cha kidato kinachofuata. Alisema kulikuwa na mmoja aliyekuwa akiota ndoto za kemia kwa sauti, wenzake wanaamka wanasahihisha.

Siku ya kutembelewa wageni nilikwenda na mama mkubwa, tumebeba wali wa nazi kwenye hotpoti. Kaka akanizungusha. Akanipitisha dirishani kwenye maabara, nikachungulia, meza ndefu, sinki, chupa za vioo zimepangwa. Nje kulikuwa na bomba. Nikalifungua tu, sijui kwa nini. Maji yakatoka.

Ngoja nikueleze kwa nini bomba lile lilinitoa machozi. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko kwetu Mlandizi. Maji yanavutwa kutoka Mto Ruvu, yanasafishwa kwetu, yanasukumwa kwenye mabomba yanayofuata barabara kuu kwenda Kibaha na Dar es Salaam. Shuleni kwetu tulikuwa tunaamrishwa kuja na dumu la lita tano, asiye na dumu harudi darasani. Kwa hiyo pale Tumbi niliyakinga kwa kiganja maji ya kwetu, nikanywa, nikafunga.

Shule yangu siitaji jina, wala haina haja, maana ukiitaja moja umetaja elfu. Zilikuja kwa mpigo. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745, na kufika 2009 zilikuwa 4,102. Rais alikuwa nani? Kikwete, yule yule wa Kibaha, na msukuma mkokoteni mkuu alikuwa Edward Lowassa, Waziri Mkuu hadi Februari 2008. Wazee wetu walichangia tofali na mchanga, sisi wenyewe tulibeba mawe. Siwezi kuzitukana shule zile. Bila hizo ningekuwa nimeishia la saba, mama angenitafutia mkokoteni. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na hata hiyo ilikuwa kazi.

Lakini tulisoma vipi! Maabara yetu ilikuwa na kuta bila paa. Titresheni tulifundishwa ubaoni. Mwalimu, mmoja wa wale vijana waliopewa mafunzo ya chapchap ambao nchi nzima iliwaita "voda fasta", alichora bureti kwa chaki, akachora chupa chini yake, kisha akageuka na kutangaza kwa uzito, "Hapa sasa, rangi imebadilika." Sote tukaandika kwamba rangi imebadilika. Simcheki. Alikuwa na miaka ishirini na moja, anafundisha masomo matatu, na mshahara wake unachelewa. Fizikia hatukuwa na mwalimu kabisa kuanzia kidato cha pili.

Hapo ndipo Kaka alipofanya jambo ambalo sikumshukuru ipasavyo. Ndani ya eneo la Shirika pale Tumbi kuna maktaba ya umma. Haiulizi unasoma wapi. Akaniambia nije Jumamosi. Nikawa navaa sare ili nilipe nauli ya mwanafunzi, makonda wengi wananiacha, wengine wananisimamisha mlangoni njia nzima, nafika Tumbi na vumbi kwenye kope. Namkuta na kaunta buku zake, akishamaliza usafi na kupewa ruhusa. Ananipa madesa ya wiki nzima, fizikia na hesabu, nayanakili mpaka vidole vinakakamaa. Nisipoelewa ananieleza kwa kunong'ona, mama wa maktaba akipita tunainamisha vichwa. Karibu miaka miwili tulifanya hivyo. Nikiwa kwenye meza ile, mtu akiingia, asingejua nani wa kisiwani na nani wa bara.

Mwaka 2012 tukafanya mtihani wa kidato cha nne. Februari 2013 matokeo yakatoka, na kama ulikuwa Tanzania unakumbuka. Asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Redio zilikuwa kama zinatangaza msiba. Serikali ikaunda tume, na Mei ikayafuta na kuyapanga upya. Darasani kwetu tulikuwa themanini na kitu, waliopata daraja la tatu kwenda juu walitosha vidole vya mkono mmoja na kidole gumba kikabaki. Mimi nilipata daraja la nne. Yalipopangwa upya nikasogea pointi kidogo, daraja likabaki pale pale.

Kaka daraja la kwanza. Alikuja nyumbani siku ile ile, hakutaja yake. Alikaa nami barazani, akasema, "Fizikia umepata D, wengi hawakuipata hiyo." Alikusudia mema, na ilikuwa kweli, maana bila madesa yake ningepata F. Lakini mimi nilisikia kejeli. Nikamwambia neno baya ambalo sitaliandika hapa, kuhusu baba yake. Akaondoka. Yeye akaendelea na kidato cha tano, akaenda chuo kikuu, akawa mhandisi, wa maji tafadhali. Mimi nikasoma cheti cha uandishi wa habari, kisha stashahada. Tulikutana misibani tukasalimiana kwa mkono. Miaka hiyo yote.

Kwa hiyo unaweza kuelewa vidole vyangu vilivyotetemeka nikibonyeza namba yake kwa ajili ya makala ya Jumapili.

Akapokea. "Kaka," nikasema, "nataka unifundishe kuhusu Kibaha." Kimya. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Jumamosi," akasema, "maktaba."

Tulitembea pale nusu siku. Siwezi kukueleza yote. Alinionyesha alikolilia muhula wa kwanza, nyuma ya miti. Nikamweleza jinsi nilivyofurahi. Hakukasirika, akasema angenishangaa kama nisingefurahi. Ndipo nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua kama mwandishi. Mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alilalamika kwamba elimu yetu inawatenga vijana na jamii yao, akizitaja hasa sekondari, ambazo karibu zote zilikuwa za bweni. Si ndiyo hii? Si ndiyo bibi alikuwa sahihi, ni kisiwa?

Kaka akaninyoshea kidole ng'ambo. "Wewe ulizaliwa wapi?" Nilizaliwa Tumbi, hospitali ile ile. "Na vifaranga vya bibi vilitoka wapi?" Vilitoka Shirika, nilikwenda naye kuvichukua, kwenye boksi lenye matundu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshiba mkono wa Wazungu wale na wa serikali ile tangu siku ya kwanza duniani, isipokuwa chumba kimoja tu, na kwa chumba hicho kimoja nilijiona mgeni. Bado naona hesabu hii haijakaa sawa. Shule ilichukua bora wa nchi nzima, na watoto wa jirani tukabaki kuchungulia maabara dirishani. Lakini wangefanyaje na viti vichache vile? Wavigawe kwa ujirani? Kaka ana jibu lake, mimi nina langu, tulibishana mpaka Maili Moja tukala chipsi.

Jumatatu nilikwenda kwa mzee kabla hajavaa miwani.

"Mzee, naomba nikuambie kitu. Kibaha niliyosoma mimi siyo ile. Ni ya Mlandizi. Shule ya kata."

Akaninywea chai kidogo. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Mtu aliyetoka pale ukimuuliza swali moja anakuchukulia saa nzima. Wewe ulijibu neno moja ukakohoa."

"Sasa mbona ulinipa makala?"

"Nilitaka nione utakwenda kumuuliza nani."

Makala yale yalitoka, na jina la Kaka halikuwemo, alikataa. Mzee akaniagiza mengine, kuhusu ile shule yangu. Hayo ndiyo yamenishinda mpaka leo. Juzi nilikwenda nyumbani Mlandizi kutafuta madaftari yangu ya zamani, angalau nikumbuke ratiba. Mama alikuwa ameyatunza kwenye kiroba juu ya kabati. Kaunta buku la fizikia lilikuwa juu kabisa, jalada limeliwa na panya kona moja. Jina langu lipo, mwandiko wangu wa kidato cha tatu, nimelipigia mstari kwa rula. Chini yake, kwenye nafasi ya jina la shule, nimeandika kwa herufi kubwa: KIBAHA.